Soksi Sita na Pua Moja

Jamani, mtu akikuambia "pitia kwangu jioni tunywe mvinyo kidogo," wewe unaelewaje? Mimi naelewa kuna kiti, kuna glasi, kuna kuwasengenya ambao hawakuja, basi. Sielewi kwamba kuna karatasi ya majibu. Leo asubuhi kichwa kinanigonga, nashika simu nikitegemea angalau pole, kumbe mwenyeji wetu ameshatuma matokeo kwenye kundi. Matokeo! Ameyapanga kwenye jedwali kabisa, jina langu liko mkiani, na mbele yake kaandika "aongeze bidii." Mtu mzima, mwenye mke na watoto, niongeze bidii ya kunywa.

Mimi na mvinyo hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na hawa waliougeuza mtihani. Na dalili zilikuwepo tangu kwenye mwaliko: kila mtu aje na chupa yake imevikwa soksi ili lebo isionekane, asijipulize manukato, na asipige mswaki karibu na saa ya kuja, eti dawa ya meno inaua ulimi. Sasa mke wangu ananiona natoka jioni bila mswaki, bila manukato, kwapani nimebana chupa iliyovaa soksi yangu ya harusini. Hakuuliza kitu. Alifunga mlango tu, na komeo nikalisikia.

Kufika, nikapewa glasi 6. Moyo ukafurahi, nikasema leo tumekumbukwa. Kumbe kila glasi inatiwa mililita 50, kipimo cha dawa ya kikohozi. Mwenyeji akatupigia hesabu bila kuombwa: chupa ya mililita 750 inatosha watu 15 wakionja kistaarabu. Sisi 15 hatukufika na chupa zilikuwa za kutosha, sasa huo ustaarabu wa nini? Halafu pembeni pana ndoo. Nikauliza ya kazi gani. Ya kutemea. Hilo naomba tulipite.

Viti vilikuwepo, ila vilisukumwa ukutani. Eti ukikaa unalegea.

Tatizo la mwenyeji wetu ni kusoma. Kabla ya tone la kwanza alitusimamisha glasi mkononi atupe historia. Tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza mmoja muuza mvinyo jijini Paris, Steven Spurrier, aliwaita majaji wa Kifaransa, mabingwa watupu, akawawekea mvinyo wa kwao na wa California bila kuwaonyesha lebo. Wakanusa, wakasifia, wakatoa alama. Kuja kufunua, mshindi kwenye weupe ni Chateau Montelena na kwenye wekundu ni Stag's Leap, yote ya mavuno ya 1973, na yote ya California. Hadithi nzuri, sikatai. Lakini inanoga zaidi kwa mtu aliyekwisha kumeza kitu. Sisi tulisimama pale mpaka mvinyo mweupe uliotoka kwenye friji ukachukua joto la viganja vyetu, halafu mwenyeji huyohuyo akatukaripia kwamba mweupe unanyweka kwenye nyuzi 8 hadi 12. Nani aliyetuchelewesha?

Haya. Katika kila kundi la marafiki kuna mmoja aliyewahi kuhudhuria semina. Wa kwetu namwita Mtaalamu, kwa sababu jina alilopewa na mama yake siku hizi haliitikii vizuri. Bwana huyu hanywi, anahoji. Aliilaza glasi namba 2 juu ya karatasi nyeupe, akaikodolea rangi mpaka tukaanza kutazamana. Akaizungusha. Akainyanyua kwenye taa.

"Ona machozi yale."

Tukaona michirizi inateremka ndani ya glasi. Jirani yangu akauliza kwa adabu kama machozi maana yake mvinyo ni mzuri. Mwenyeji akadakia kwamba ni kileo tu kinavukiza, mvinyo unapanda ukutani mwa glasi kisha unateremka, hakuna cha uzuri wala ubaya. Mtaalamu akamtazama kwa huruma, akaingiza pua.

Ndugu zangu, pua ile iliingia yote. Nilidhani hairudi. Sebule kimya. Mtoto wa mwenyeji aliyekuwa anakatiza kwenda jikoni naye akaganda, mguu mmoja juu. Mtaalamu akaibuka, macho kayafumba, akasema neno moja:

"Ngozi."

"Ngozi ya nini, kaka?"

"Ya tandiko. Tandiko la farasi. Limenyeshewa."

Mle ndani hapakuwa na mtu aliyewahi kupanda farasi, yeye mwenyewe akiwemo. Lakini kalamu zote zikainama: tandiko, mvua. Shemeji yangu, mwanamke makini anayeaminiwa na hela za watu kazini kwake, aliandika "farasi" akapigia mistari miwili.

Pua ikarudi kazini. "Kuna cheri nyeusi. Kuna tumbaku. Kuna penseli imechongwa sasa hivi."

"Zabibu je, hazimo?" nikauliza.

Nilitazamwa namna ambayo sitaki kuieleza hapa.

Kisha akafanya jambo lililonichemsha damu. Akaomba ajiongezee tone la kuhakikisha, na alipoishika chupa nilimwona kwa macho yangu haya: kidole gumba kinapanda polepole juu ya soksi, kinaelekea shingoni. Anapapasa mabega! Maana chupa za mtindo wa Bordeaux, mkoa wa mvinyo kule Ufaransa, zina mabega yaliyosimama, na za mtindo wa Burgundy, mkoa mwingine wa hukohuko, mabega yake yanateremka, hata soksi haifichi. Akaiweka chupa chini, akatazama dari utadhani anasubiri ujumbe.

"Cabernet Sauvignon. Labda na Merlot kidogo. Mtindo wa Bordeaux."

Kumbe hayo mawili ya mwanzo ni majina ya zabibu. Makofi. Nikapaza sauti, kashika mabega huyo! Nikaambiwa wivu haujengi.

Namba 3, Mtaalamu alisema inanukia petroli, na alisema kwa kusifia. Nikadhani glasi zimeoshewa gereji. Kumbe kweli, mvinyo wa Riesling ukikaa miaka unaweza kutoa harufu hiyo, na wapo wanaoilipia. Namba 4, mvinyo wa Sauvignon Blanc, akasikia mkojo wa paka, na hiyo nayo mwenyeji akathibitisha kwamba iko kwenye vitabu. Jamani, mimi nikija kwako nikasema mchuzi wako unanukia mkojo wa paka, utanikaribisha tena?

Ilipofika namba 5, nikaonja. Nikarudi namba 2, nikaonja. Nikaenda, nikarudi. Nikasema, jamani, mvinyo huu na ule ni mmoja. Nikapewa maji nisuuze kinywa. Mtaalamu alikwishatoa alama: namba 2 ina 92, namba 5 ina 79, kwa sababu "imechoka, haina mifupa." Shemeji akaandika mifupa.

Soksi zikavuliwa. Namba 2 na namba 5 ni pacha: mvinyo mmoja, lebo moja, mwaka mmoja. Mwenyeji alimchomeka pacha makusudi, kwa kuwa amesoma habari za Robert Hodgson, mwenye kiwanda cha mvinyo kule California, aliyewapima majaji wa mashindano kwa kuwapa mvinyo wa chupa ileile mara tatu bila kuwaambia, na ni kama jaji mmoja kati ya kumi tu ambaye alama zake zilikaribiana. Basi nikajua saa yangu imewadia. Nikavuta shati, nikakohoa, nikajiandaa kupokea heshima kwa unyenyekevu.

Mtaalamu hakutetereka hata ukope. Akasema, taratibu, kwamba kila chupa ina maisha yake, na hii ya pili inaonekana ilisafirishwa kwenye joto.

"Aaaa!" wakasema wote. Na wakaandika!

Mimi je? Kwenye karatasi yangu, penye "2 na 5 ni mmoja," nimepata sifuri. Nikauliza kwa nini. Kwa sababu sikutaja harufu. Yaani mtu kasema tandiko, penseli, mifupa na ajali ya barabarani, kwenye mvinyo mmoja uleule, amekuwa wa kwanza. Mimi niliyepatia naongeza bidii! Hapo ndipo niliponyanyua sauti kidogo, nakiri nilinyanyua, na watu wanaosema nilipiga meza wajue meza ilikuwa inacheza tangu mwanzo. Kilichoniuma si alama. Tumekutana baada ya kuahirisha na kuahirisha, mmoja wetu kahama kazi, mwingine mwanawe kamaliza shule, na usiku kucha hakuna aliyemuuliza mwenzake habari. Tumeulizana habari za cheri.

Mwenyeji akadhani atapoza mambo kwa utafiti mwingine, wa Bordeaux, uliochapishwa mwaka 2001. Wanafunzi 54 wa somo la mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hakupoza kitu. Kuanzia hapo shemeji hakuamini tena chochote, hata maji ya kunywa aliyanyanyua kwenye taa kwanza.

Na glasi sasa. Glasi 6 kwa kila kichwa, zidisha mwenyewe. Nani anaosha? Mtaalamu aliaga mapema, pua imechoka. Mimi nikabaki sinki, na huko nako kuna sheria: sabuni kidogo sana, isiwe yenye manukato, glasi isifutwe kwa kitambaa cha jikoni kwa sababu itachukua harufu ya jikoni. Nikamuuliza mwenyeji, kama harufu ya jikoni ni mbaya na ya mkojo wa paka ni nzuri, mimi nisimame wapi? Akasema nisogee nimpishe kabatini. Anahifadhi vizibo. Vizibo! Anavyo kwenye mtungi mkubwa, vya miaka, na kila kimoja kaandika tarehe.

Simu inalia tena. Ni yeye. Anauliza kama Jumamosi nina nafasi, kwa sababu kundi limeamua sasa lionje mafuta ya zeituni. Hayo nayo yana utaratibu wake: yanatiwa kwenye vikombe vya buluu nzito ili usione rangi, yanapashwa moto mpaka nyuzi 28, unafunika kwa kiganja, unanusa, kisha unayavuta mdomoni kwa kelele. Mafuta, jamani. Matupu. Nimemuuliza kama kutakuwa na mkate hata kipande, akasema mkate unaharibu matokeo.