Vitz, rimu za inchi 16 na kilomita mbili za mwisho

Toyota ilipoleta Vitz ya kizazi cha pili mwaka 2005, yenyewe ilitoa majibu mawili kwa swali ambalo mafundi tairi wa Dar es Salaam hawajamaliza kulibishania hadi leo: gari hili livae rimu za inchi 14 au 16? Vitz za kawaida, hizi za lita 1.0 na silinda tatu zilizojaa mitaani, nyingi zilitoka kiwandani na matairi ya 165/70R14. RS, ile ya lita 1.5 ya wapenda mwendo, ilivalishwa 195/50R16. Kwa hiyo anayekwambia Vitz haiwezi inchi 16 hajui, na anayekwambia kila Vitz inazihitaji ana rimu za kuuza.

Jirani yangu aliuziwa. Tunakaa Mbezi ndani, kama kilomita mbili kutoka lami, na kila asubuhi wote wawili tunaitafuta Barabara ya Morogoro kwenda mjini. Vitz yake nyeupe ya 1.0 iliingia mtaani siku moja imevaa spoti rimu za 16, zinameta, na kusema kweli gari lilipendeza. Langu ni pacha wa lake, ila limebaki na 14 za chuma zenye kutu pembeni. Miezi kadhaa ya kupita mashimo yale yale na magari mawili yanayofanana imenipa la kusema.

Hesabu kwanza. 165 ni upana wa tairi kwa milimita. 70 ni asilimia: ukuta wa tairi una urefu wa asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 115 na nusu. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha rimu na kuta mbili, ya juu na ya chini, unapata gurudumu la milimita 587. Fanya hivyo hivyo kwa 195/50R16: ukuta unakuwa milimita 97 na nusu, gurudumu zima 601. Maana yake ni kwamba rimu imekua inchi mbili, lakini gari limenyanyuka milimita 7 tu, kwa sababu nusu ya ongezeko la kipenyo ndiyo inayokwenda chini ya gari. Aliyefunga 16 ili avuke tuta bila kukwangua amenunua milimita 7. Na amelipia kwa milimita 18 za ukuta, ule mto wa mpira na upepo unaokaa kati ya rimu yake na ukingo wa shimo.

Milimita 18 ni upana wa kidole. Ubishi wote uko hapo.

Wanaotetea 16 wana hoja, na si ya urembo peke yake. Tairi lenye ukuta mrefu na mwembamba hulala kidogo unapokata kona. Unazungusha usukani, gari linafikiri kwanza, halafu linakufuata. Ukuta mfupi haufikiri. Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha sasa ni njia nane, na ukiwa na mwendo wa 80 ukalazimika kumkwepa bodaboda aliyeibuka kutoka kulia, utafurahi kuwa na gari linaloitika mara moja. Kwenye lami kavu, upana wa 195 pia unashika vizuri zaidi wakati wa breki za ghafla. Kuna na hoja ya soko ambayo wengi hawaitaji: matairi ya inchi 14 ni mengi na bei yake ni rahisi, lakini mengi ni ya bei rahisi kwa sababu yametengenezwa rahisi. Kampuni kubwa za matairi zinapeleka mpira wao bora kwenye saizi za 15 kwenda juu, kwa sababu magari mapya huko kwao yameshahamia huko.

Nimemsikia jirani akizisema zote hizo na sikuwa na la kumpinga, mradi tuko kwenye lami.

Tatizo ni kilomita mbili za kurudi nyumbani. Gurudumu likidumbukia kwenye shimo lenye ukingo mkali, ukuta wa tairi hujikunja mpaka ubanwe kati ya ukingo huo na mdomo wa rimu. Ukuta mrefu una nafasi ya kujikunja na kurudi. Ukuta mfupi unafika mwisho mapema, na hapo nyuzi zilizo ndani ya mpira hukatika bila mpira wa nje kuchanika. Huoni kitu siku hiyo. Baada ya siku kadhaa unaona nundu pembeni mwa tairi, kama yai limefichwa ndani, kwa sababu upepo umepata pahala ambapo hakuna nyuzi za kuuzuia. Tairi la nundu halizibwi. Linaweza kutembea wiki nzima mjini bila shida, halafu likapasuka siku unayokwenda msibani Morogoro, jua la saa saba, gari limejaa watu.

Ndiyo maana siikubali hoja kwamba 16 ni za usalama kwa sababu maisha yanapotea kwenye barabara kuu, si kwenye njia za mtaani. Ajali inatokea barabara kuu, ndiyo, lakini tairi mara nyingi limeumizwa mtaani siku nyingi kabla. Mtu mwenye kilomita 20 za lami na 2 za mashimo ana haki ya kuchagua tairi kwa kuziangalia zile 2.

Kuhusu mafuta, niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Jirani alilalamika kwamba tangu afunge 16 gari linakula. Sehemu ya malalamiko ni kweli: rimu kubwa na tairi pana ni mzigo wa kuzungusha, na injini ndogo ya silinda tatu inaujua kila taa ya barabarani inaporuhusu. Lakini sehemu nyingine ni hesabu iliyopinda. Gurudumu la 601 linapozunguka mara moja linakwenda mbali zaidi ya la 587 kwa karibu asilimia 2.5, na mita ya gari haijui hilo. Umetembea kilomita 102 na ushei, yenyewe imekuandikia 100. Gawanya kwa lita, gari litaonekana mlafi kuliko lilivyo. Vivyo hivyo mwendo: mshale ukikaa kwenye 50, gurudumu liko kwenye 51 na kidogo. Kwa bahati mita nyingi za kiwandani husoma juu kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo kosa hilo pekee halimtoshi askari wa tochi kukuandikia elfu 30. Ukienda mbali zaidi, tuseme 185/70R14 kama nilivyoona wengine wakifanya ili gari liwe juu, tofauti inakaribia asilimia 5, na hapo utaisikia hata kwenye matigadi: ukikunja usukani hadi mwisho, au ukipakia watatu nyuma, tairi linasugua.

Masika nayo ina neno lake, na inakwenda kinyume na wanavyodhani wengi. Tairi pana si salama zaidi kwenye maji. Uzito ule ule wa gari ukitandazwa juu ya eneo pana, tairi linaelea kwa urahisi zaidi kwenye maji yaliyotuama; jembamba linayakata. Kwenye tope jepesi pia jembamba linashuka kutafuta ardhi ngumu. Mchangani ndipo pana linapomshinda mwenzake. Wa Kigamboni wanaopita njia za mchanga hadi nyumbani wanaweza kunicheka hapa, na watakuwa sahihi.

Rimu zenyewe. Ya chuma ikipigwa inapinda, na fundi mwenye nyundo na subira anaweza kuirudisha ikashika upepo tena. Ya aloi inaweza kupinda, lakini inaweza pia kupata ufa, na ufa huchomelewa. Sikushauri upande barabara kuu na rimu iliyochomelewa. Halafu si kila spoti rimu ni nyepesi kama watu wanavyodhani. Za bei rahisi nyingine zinaizidi uzito ile ya chuma uliyoivua. Ukinunua za mtumba, usiridhike na kuona tundu nne zimelingana. Vitz inataka tundu nne kwenye duara la milimita 100 na tundu la katikati la milimita 54.1. Rimu yenye tundu la katikati kubwa zaidi itafunga vizuri tu, ila haikai kwenye haba, kile kitovu cha gurudumu, bali inaning'inia kwenye nati, na usukani unaanza kutetemeka ukifika 90. Fundi atakufanyia balansi mara tatu bila kupata jibu. Kinachotakiwa ni pete ya kujaza ile nafasi, kitu kidogo kisicho na gharama ya kutisha.

Na tairi la spea? Vitz nyingi zina lile jembamba la dharura, lililoandikwa mwisho wa mwendo kilomita 80 kwa saa na upepo wa psi 60. Ukishafunga 16, spea hiyo hailingani kipenyo na matairi mengine. Ifunge nyuma, si mbele kwenye magurudumu yanayovuta, hata kama itabidi uhamishe tairi zima la nyuma kwenda mbele ukiwa pembeni mwa barabara. Inachosha, lakini difu, inayogawa nguvu kwa magurudumu yanayovuta, huumia yakitofautiana kipenyo, na difu ni ghali.

Nimeliacha la mwisho lile ambalo kwangu linazidi ukubwa wa rimu: umri na asili ya mpira. Ubavuni mwa matairi mengi kuna herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka 6 hata kama meno bado yapo, na wa matairi huweka mwisho wa juu kabisa kwenye miaka 10. Tairi la mtumba la jina kubwa lenye meno mazuri, lililokaa miaka minane, limekuwa gumu. Kwenye lami yenye maji linateleza kama kandambili. Wanaolitetea husema afadhali Mjapani mzee kuliko tairi jipya lisilojulikana. Nilikuwa nawaunga mkono. Siku hizi sivyo, kwa joto letu hili na jua linalolipiga gari kutwa nzima.

Kuna na mtego mwingine unaokuja na gari lenyewe. Magari yaliyotoka sehemu za baridi Japani hufika Dar yamevaa matairi ya theluji. Angalia ubavuni: likiwa na neno STUDLESS au alama ya mlima na kipande cha theluji, hilo limetengenezwa kwa mpira laini wa kushika barafu. Kwenye lami ya nyuzi joto 50 linalainika, linayumba, na linaisha haraka. Meno yake huonekana mazuri sana siku unayolipokea gari bandarini, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Upepo nao usiuache kwa jicho la kijana wa pampu. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna stika, ya Kijapani, lakini namba hazina lugha: 220 au 230 kPa, yaani psi 32 hadi 33. Tairi la 16 lenye ukuta mfupi lina hewa kidogo ndani yake, na likipungua upepo kidogo tu, rimu iko karibu na ardhi. Ukilijaza 40 ili kulilinda, umelilinda tairi na kuzitwika shokapu na bushi kazi yake.

Mimi ningechagua nini? Anayelala pembeni mwa lami na kufanya kazi pembeni mwa lami, mwenye 1.5 na pesa ya kubadili tairi likitoa nundu, avae 16 na aifurahie. Binamu yangu wa Dodoma yuko hivyo na sijawahi kumshawishi vinginevyo. Mwenye 1.0 na njia kama yangu, ningempa 175/70R14 mpya: ukuta wa milimita 122, kipenyo karibu sawa kabisa na cha ile 16 aliyokuwa akiitamani, rimu zile zile za chuma. Kama roho haitulii bila spoti rimu, basi 185/60R15. Ukuta ni 111, pungufu kidogo tu ya wa kiwandani, na dukani atapata mpira mzuri zaidi wa kuchagua. Ahakikishe tu ubavuni namba ya mzigo haishuki chini ya 81 ya awali, kilo 462 kwa kila tairi.

Jirani alifika nundu ya pili mwezi wa tano. Amerudi kwenye 14. Zile za 16 amezisafisha, amezifunga kwenye magunia, ziko stoo. Anasema atazivalisha gari siku ya harusi ya mdogo wake, kanisani kuna lami hadi mlangoni.