Losartan na Marfan: panya walipona, watu je?

Kunja kidole gumba ndani ya ngumi yako. Kipande chote cha mbele kikitokeza upande wa pili, na mtu mwenyewe ni mrefu na mwembamba, daktari anaanza kuwaza Marfan. Ni ugonjwa wa kurithi, kama mtu 1 kati ya 5,000, jeni inaitwa FBN1, na shida kubwa sio urefu bana, shida ni aota, ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, unatanuka pole pole na siku ukichanika ni habari nyingine.

Sasa 2006 timu ya Hal Dietz pale Johns Hopkins, Marekani, wakawapa losartan panya wenye Marfan. Losartan hii hii ya presha anayomeza mama yako kila asubuhi. Aota zikawa karibu sawa na za panya wasio na ugonjwa, wakati propranolol, dawa ya zamani inayotuliza mapigo ya moyo, ilipunguza kasi ya kutanuka tu. 2008 wakaangalia watoto 18 wenye Marfan waliokuwa na hali mbaya, wakapewa dawa za aina ya losartan, kasi ya kutanuka ikashuka kutoka milimita 3.54 kwa mwaka hadi 0.46, hapo nani asingeshangilia, ingawa hakukuwa na kundi la kulinganisha.

Kasheshe ikaja 2014: watoto na vijana 608, nusu losartan nusu atenolol, ndugu yake propranolol, miaka 3, tofauti hakuna. Mwaka uliofuata Wafaransa nao wakaongeza losartan juu ya dawa ambazo watu walikuwa wanatumia tayari, haikusaidia kitu. Basi wengi wakasema yale yale, panya anapona, binadamu anabaki na risiti.

Mimi hapo ndo nagoma. Lile jaribio la 2014 halikuuliza kama losartan inafanya kazi, liliuliza kama inaishinda atenolol, na atenolol yenyewe walipewa dozi kubwa kuliko iliyozoeleka. Bodaboda mbili zikifika pamoja huwezi sema moja haikuwaka. Ila na mimi nikubali, huwezi kujua pia kama zote zilikuwa zinavuta kweli au zinajiteremkia mlima tu, maana hakuna aliyeachwa bila dawa, na ungemwachaje mtoto hivyo.

Kilichonivuta zaidi ni Uingereza 2019, wakatumia irbesartan, binamu yake losartan, watu 192, wengi wao tayari wako kwenye dawa za kundi la atenolol. Milimita 0.53 kwa mwaka, wasiopewa 0.74. Unaweza cheka, tofauti ya unywele. Lakini piga hesabu: aota ya sentimita 4.2, upasuaji hufikiriwa ikikaribia 5, kwa kasi moja ni miaka 11 hivi, kwa nyingine 15. Hesabu ya kalamu tu hiyo, aota haitanuki kwa rula na wengine huchanika kabla ya 5. Halafu 2022 wakajumlisha majaribio 7, wagonjwa 1,442, dawa za kundi la losartan zikaonekana kupunguza kasi kama nusu, hata kwa anayemeza za kundi la atenolol. Kwa hiyo kubishana ipi bora kwangu kumeisha, wape zote mbili mwili ukikubali.

Ambacho bado kinanisumbua ni kwamba wote wanapima milimita, na mgonjwa haogopi milimita, anaogopa kuchanika, na kwa hilo hakuna jaribio lililoonyesha losartan imepunguza. Na mwanamke akishika mimba, kipindi ambacho aota iko hatarini zaidi, losartan inabidi iachwe kwa sababu inamdhuru mtoto tumboni. Anabaki na zile za zamani, za kundi la atenolol.