Dafu wala halina kosa

Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, mtu akiagiza dafu la pili hakosi kuambiwa, "Shauri yako, utashusha mzigo!" Watu hucheka, maana husemwa dafu ndilo linaloleta busha. Mjomba wangu naye alikuwa akicheka, na huku chini ya kanzu ana busha la miaka 12 ambalo hakuwahi kumwambia mtu ila mkewe.

Afya ya nchi yetu ikitajwa ni malaria, Ukimwi, kifua kikuu, uzazi. Sawa, hayo yanaua. Mabusha na matende humtoa mtu kazini na msikitini polepole, kwa aibu, ndiyo maana serikalini yakaitwa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele. Jina gani hilo kama si kukiri kosa?

Dafu wanalisingizia. Vimelea vya busha huletwa na mbu, na hapa mjini ni hasa wale mbu wa maji machafu wanaozaliana kwenye makaro na vyoo vya shimo. Minyoo mikubwa hukaa miaka kwenye mitoki na mishipa yake, na watoto wao hutoka kwenye damu usiku, wakati mbu hao wanauma. Hivyo anayetaka kuwaona kwa darubini itabidi atoe watu damu usiku. Mpwani akisikia hodi saa nne usiku, damu inatakiwa, atawaza nini kama si mumiani, wale wanyonya damu wa kwenye hadithi?

Serikali nayo tusiinyime haki yake. Tangu 2000 inamezesha watu kingatiba, ivamektini na albendazoli, bila malipo, na vidonge hivyo huwamaliza watoto wa minyoo waliomo kwenye damu. Ila busha lililokwisha kujaa halinywei kwa kidonge. Dawa yake ni kisu.

Hapo ndipo ninapogomba. Mjomba alianzia zahanati, akapelekwa kituo cha afya, kikampeleka hospitali, hospitali ikamwambia asubiri kambi ya madaktari. Asubiri! Kliniki ya watoto ina siku zake zinazojulikana, kila mama anazijua. Kwa nini upasuaji wa busha, ambao si mkubwa, usiwe na siku yake kila wilaya ya pwani? Na makaro yanayofurika kila masika, kidonge gani kitayaziba?

Kambi ilikuja, akapasuliwa. Juzi barazani kaagiza dafu la pili, kwa sauti, kisha akatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka.