Programu Tatu, Majibu Matatu

Chukua akaunti moja ya Instagram, ipitishe HypeAuditor, kisha Modash, kisha programu nyingine yoyote ya kusaka washawishi wa mitandaoni. Usishangae ukiletewa sura tatu za mtu yule yule. Ili kupata kiwango cha mwitikio, moja hujumlisha laiki na maoni ya posti za karibuni na kugawa kwa idadi ya wafuasi; nyingine hurudi nyuma zaidi, au huziacha kando posti zilizovuma kupita kiasi. Hata nchi na umri wa wafuasi ni makisio tu, yanayotokana na lugha, majina na picha. Takwimu zenyewe anazo mwenye akaunti na mtandao husika.

Mteja akisikia hivyo hudhani anapigwa. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sababu ya maana ya kampuni ya masoko kulipia programu zaidi ya moja: zinapogongana, unajua pa kuchimba.

Zamani kidogo mambo yalikuwa rahisi. Programu hizi zilichota data nyingi kupitia mlango ambao Instagram iliwafungulia watengenezaji. Aprili 2018, sakata la Cambridge Analytica, kampuni iliyotumia data za watumiaji wa Facebook bila idhini yao, likiwa bado la moto, mlango ule ulibanwa ghafla. Sasa wengine huokota kinachoonekana hadharani, wengine humwomba mshawishi aunganishe akaunti yake kwa hiari. YouTube na TikTok nazo zina masoko yao ya ndani ya kukutanisha watangazaji na washawishi. Hakuna dirisha moja linaloonyesha nyumba nzima.

Na wafuasi wa kununua si hadithi. Mwaka 2019 Devumi, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiuza wafuasi bandia, na mmiliki wake walifikia makubaliano na tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, kwa hukumu ya dola milioni 2.5 dhidi ya mmiliki huyo. Grafu ya Social Blade, tovuti inayofuatilia idadi ya wafuasi siku hadi siku, husaidia kunusa mchezo huo: mstari uliolala miezi kadhaa, mara unaruka usiku mmoja. Lakini video moja ikivuma kwa haki nayo huruka hivyo hivyo. Grafu haijui tofauti. Lazima ufungue akaunti uangalie siku ile kulipostiwa nini.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wa kazi hii. Wanachuja akaunti zenye wafuasi elfu 50 hadi laki moja, wanapakua jedwali, wanalipamba kwa nembo ya mteja, kazi imekwisha. Kadiri programu zinavyoongezeka, ndivyo maoni chini ya posti yanavyozidi kutosomwa! Kumbe huko ndiko kuna watu. Vikundi vya kupeana laiki huwa na kiwango kizuri mno cha mwitikio, ila ukisoma posti kumi utakutana na majina yale yale ishirini yakimwaga vikopa na "umependeza". Mwenye wafuasi wachache anaulizwa, "Hii inafaa ngozi ya mafuta?" naye anajibu. Huyo namchukua bila kuangalia alama aliyopewa na programu.

Kabla ya kusaini, simwombi mtu skrinshoti ya takwimu zake, maana picha huhaririwa. Namwomba arekodi skrini akiwa anafungua takwimu mwenyewe, kuanzia ukurasa wake wa mbele. Kwa kawaida haizidi dakika moja. Akianza kuniambia simu imejaa, narudi kwenye jedwali.