Elizabeth Ryan alikuwa bingwa kamili

Kila msimu wa Wimbledon ukikaribia, orodha za malkia wa tenisi husambaa mitandaoni, na kila mara namtafuta Elizabeth Ryan nisimwone. Wanaomwacha wana sababu moja: hakuwahi kutwaa taji kubwa katika mchezo wa mmoja mmoja. Sababu hiyo siikubali hata kidogo.

Mmarekani huyu, mzaliwa wa California mwaka 1892, alichukua mataji 19 ya Wimbledon kati ya 1914 na 1934: 12 ya wanawake wawili wawili, na 7 akicheza na mwanamume. Miaka ishirini kileleni, tena vita vikiwa vimesimamisha mashindano hayo kwa miaka minne!

Wapo wanaodai alibebwa na Suzanne Lenglen, nyota Mfaransa aliyecheza naye. Ni kweli walishinda Wimbledon pamoja mara 6, na huko hakuna aliyewahi kuwafunga. Lakini mwaka 1926 Ufaransa ilitaka Lenglen acheze na Mfaransa mwenzake, Didi Vlasto. Ryan akaachwa, akaungana na Mary Browne, na ratiba ikawakutanisha mapema. Ryan na Browne walipoteza seti ya kwanza 3-6. Katika ya pili wapinzani wao walibakiza pointi moja tu kumaliza mechi. Ryan na Browne wakagoma kufa, wakaichukua 9-7, ya tatu wakaimaliza 6-2, na mwisho wakabeba kombe. Hapo nani alimbeba nani?

Ryan aliukata mpira kwa chini, ukitua unateleza badala ya kuruka. Akifika karibu na wavu alikuwa balaa: anaupiga kabla haujagusa nyasi, huku akijua mwenzake amesimama wapi bila kugeuka. Ujuzi huo huwezi kuuona katika mchezo wa mmoja mmoja.

Na hata huko hakuwa dhaifu. Alifika fainali ya Wimbledon 1921 na 1930. Kwenye fainali ya Marekani 1926 aliongoza 4-0 katika seti ya tatu, kabla Molla Mallory hajaigeuza na kushinda 9-7. Inauma hata kuisoma.

Rekodi yake ilivunjwa 1979, siku moja baada ya kifo chake, Mmarekani mwenzake Billie Jean King alipopata taji lake la 20 la Wimbledon. Katika hayo 20 ya King, 14 ni ya wawili wawili, na yote huhesabiwa.