Wapo Wawili Juu ya Paa

Kwenye banda la gemu pale Tandika tulikokulia, kelele zilikuwa zimo ndani ya bei. Unatoa hela yako, unapewa pedi iliyozungushiwa solotepu nyeusi shingoni, unajibanza kwenye benchi, na kuanzia hapo hakuna wa kukuuliza unamtukana nani. PlayStation 2, TV ya chogo, na PES 6, gemu la mpira la mwaka 2006 lililodumu pale miaka mingi baada ya watu wa mjini kuhamia matoleo mapya. Ukutani mwenye banda aliandika kwa makapeni: MSHINDI ANABAKI. Chini yake, kwa herufi kubwa zaidi: ADRIANO HACHEZI. Huyo ni Adriano wa Inter, ambaye waliotengeneza gemu walimpa nguvu ya shuti 99 na mguu wa kushoto usio na huruma. Alishasababisha watu kukunjana mashati, ndipo akafungiwa Tandika nzima.

Utu ulikuwa unaishia kwenye penalti. Mwalimu (enzi hizo hakuwa mwalimu wa mtu, alikuwa mtoro) haangalii TV kabisa, anaangalia dole gumba lako. Likilala kidogo tu kulia, kipa wake ameshafika. Dawa ikawa kuingiza pedi ndani ya fulana. Mpita njia akichungulia mlangoni anakuta vijana wawili wameficha mikono tumboni, jasho linawatoka, na nyuma yao watu wamejazana kimya wanasubiri. Mama yangu alichungulia siku moja. Hakusema kitu, ila jioni ile nilipewa mawaidha ambayo mpaka leo sijui yalihusu nini hasa.

Na ukifungwa, unasingizia pedi. Mwenye banda anakuja taratibu, anaichukua pedi ileile, anakuchapa nayo tatu bila, anakurudishia. Kesi imekwisha.

Maisha yakatutawanya. Kapteni yuko Muscat, anaendesha lori la maji. Mwalimu alipangiwa shule Kigoma. Fundi amebaki Tandika na cherehani yake. Mimi nikapanga chumba Mbagala, nyumba ya uani, wapangaji sita na choo kimoja, mfenesi mkubwa nyuma, na mama mwenye nyumba anayefuga kuku wa kienyeji na kuwafahamu kwa sura. Benchi letu likahamia kwenye simu: PUBG Mobile. Mnarushwa na parashuti watu 100 kwenye kisiwa, mnaokota silaha majumbani, duara linazidi kuwabana mpaka ibaki timu moja. Timu ni watu wanne, nasi tuko wanne, kana kwamba tuliandikiwa. Mkishinda, Kiingereza kinatokea kwenye kioo kuwaahidi kuku wa jioni, kwa hiyo sisi kushinda tunakuita kula kuku. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu mjumbe wetu hakulijua.

Kizuri cha mtandaoni ni kwamba kisingizio hakina wa kukikagua. Kompyuta zinazoendesha gemu haziko Mbagala. Sisi tulichagua za Mashariki ya Kati kwa heshima ya Kapteni, namba yake ya kuonyesha mtandao unachelewa kiasi gani ikawa ya kijani muda wote huku zetu zikipanda njano na nyekundu. Ikisoma 300, hizo ni milisekunde, karibu theluthi ya sekunde: adui unayemuona anaingia mlangoni ameshaingia, ameshachagua pa kusimama. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania na majirani zake wakabaki wanaangalia kiduara kinazunguka. Mwalimu akapata cha kusema. Nyaya zikatengenezwa, watu wakaendelea na maisha, Mwalimu akifa mapema anasema ni ule waya.

Sasa usiku wenyewe. Jumamosi, joto la Mbagala, dirisha wazi, mimi kitandani ndani ya chandarua na bukta, hedifoni zimebana masikio. Hedifoni si mbwembwe. Gemu ile inakusikilizisha nyayo za adui na upande anakotokea, ukicheza bila hizo unauawa na mtu ambaye hukumsikia akipanda ngazi. Kwangu saa tano na nusu, kwa Kapteni saa sita na nusu. Tulikuwa Pochinki, kamji ka katikati ya kisiwa ambako kila mtu anakwenda kufia. Fundi alishakufa kama kawaida yake, alikimbilia gari. Zimebaki timu tatu. Kuku ananukia kabisa.

Nilipigwa nikaanguka, nikawa natambaa. Mwalimu akaja akaniinua. Nikaingia kwenye nyumba, nikajibana pembeni ya mlango na shotgani, maana nilisikia nyayo nje, mtu anakuja, anasimama, anarudi nyuma, anakuja tena. Nikasema nilichosema. Zile nyayo zikatimua mbio. Nikajipongeza.

Baada ya dakika kadhaa kitanda kikaruka. Mlango wa chumba changu, ule wa Mbagala, ulikuwa umelala juu ya ndoo ya maji, na kitasa kinaning'inia kwa skrubu moja. Tochi inanimulika usoni. Nyuma ya tochi yupo mjumbe, vijana wawili wa ulinzi shirikishi na marungu, mama mwenye nyumba ameshika mchi, na nyuma yake watu wa mtaa wa pili ambao sijui hata walipita wapi. Mdomo wa mjumbe ukacheza. Sikusikia sauti yake. Niliyemsikia ni Mwalimu, kutoka Kigoma, masikioni mwangu: "Wako wapi?"

Nikamjibu, "Mmoja yupo nyuma ya mti."

Umati ule uligeuka wote kwa pamoja. Ndipo nikavua hedifoni, nikasikia vishindo vinaelekea kwenye mfenesi, nikafungua mdomo niwarudishe, na nikasikia mtu akipiga yowe nyuma ya mfenesi.

Ndiyo, alikuwepo. Wallahi alikuwepo mtu.

"Msinipige! Mimi mpangaji! Mpangaji wa chumba cha mwisho!"

Kukawa kimya kidogo. Kisha sauti ya mama mwenye nyumba, taratibu: "Mpangaji? Nimulikieni."

Jamaa alikuwa anadaiwa kodi ya tangu mvua za masika. Sote tulidhani amesafiri. Kumbe kila usiku anangoja nyuma ya mfenesi mpaka taa ya mama izimwe, anaingia kwa kunyata, na alfajiri anatoka kabla ya adhana. Vijana wa ulinzi wakashusha marungu, kwa sababu wao wanahusika na wezi, na huyu alikuwa mdaiwa. Mama mwenye nyumba yeye hakushusha mchi. Alimsindikiza nao mpaka kwenye kibaraza, akamketisha, akaomba daftari la kodi liletwe.

Mimi bado nimesimama ndani ya chandarua. Nilipoitazama simu, mchezo ulikuwa umekwisha. Huyo wa nyuma ya mti wa Pochinki alikuwa amenimaliza.

Asubuhi tukakalishwa barazani kwa mjumbe. Mzee yule ni karani mstaafu, hafanyi mambo kwa kukisia. Alivaa miwani akafungua daftari la kaunta alimoandika maelezo ya mama mwenye nyumba usiku uleule, na akayasoma kwa sauti ileile anayosomea matangazo ya msiba:

"Mlalamikaji anasema alisikia mpangaji akisema, 'Wapo wawili juu ya paa.' Mlalamikaji akaangalia juu. Akasikia panya, akaamini ni wawili. Mpangaji akasema, 'Msiwashe gari, watatusikia.' Mlalamikaji akajua wezi wana gari. Mpangaji akasema, 'Nimepigwa, nimepigwa, damu imeisha.' Mlalamikaji akaita majirani. Mpangaji akasema, 'Njooni mniinue jamani, nakufa hapa.' Mlalamikaji akaenda mlangoni kwa mpangaji kumpa msaada."

Akageuza ukurasa.

"Mpangaji akasema, 'Kuna mtu mlangoni kwangu. Namsikia anapumua. Aingize kichwa tu, nakisambaratisha.'"

Watu wakanigeukia. Mama mwenye nyumba alikunja kanga kifuani akatazama pembeni, kama mtu aliyekwenda kutoa sadaka akafunguliwa mbwa.

Nikaeleza. Nikasema ni gemu, nikasema wenzangu wako Muscat na Kigoma na Tandika, nikasema risasi zile hazina uzito. Mjumbe akaniuliza swali la kikarani: mbona mlalamikaji hakusikia upande wa pili? Hapo ndipo nilipokumbuka banda. Pale anayesema "muue huyo" na anayeuawa wamekaa benchi moja, wamegusana magoti, hakuna wa kubabaika. Chumbani kwangu Mbagala dirisha lilikuwa linamwaga upande mmoja tu wa maneno, na upande ule ulikuwa wa muuaji.

Ikabidi nionyeshe. Nikafungua mchezo mbele ya baraza, spika juu. Ndege ikapaa, nikaruka, parashuti ikafunguka, mjumbe akasogeza kiti. Alipoona nyumba akauliza za nani. Nikamwambia hazina wenyewe. Akauliza kwa nini basi naingia kuchukua vitu. Sikuwa na jibu zuri, na nashukuru kwamba nilipigwa risasi muda huohuo na mtu nisiyemuona. Mjumbe akarudi nyuma na kiti chake.

"Kwa hiyo hiki ndicho ulichokuwa unafanya saa sita usiku?"

"Ndiyo, mzee."

"Na watu wanakupiga tu namna hii?"

"Ni mtandao, mzee." Ningekuwa na Mwalimu pale angelia kwa fahari.

Nilidhani tumemaliza. Mama mwenye nyumba akainua mkono. "Bado hajaeleza habari ya kuku."

Mjumbe akarudi kwenye daftari. Kweli, ilikuwemo, mstari wa kwanza kabisa kabla ya hao wa juu ya paa: "Leo lazima tule kuku, hata iweje." Nilipoanza kueleza habari ya kushinda nikaona nyuso zinakataa moja baada ya nyingine. Paa waliliamini, damu waliiamini, lakini kijana wa kupanga anayetaja kuku usiku wa manane hana maelezo yanayomtosha. Tukaenda bandani kuwahesabu. Walikuwepo wote, jogoo akanitazama kwa jicho moja, na mama akawahesabu mara ya pili kwa majina.

Wakati huo simu yangu imezimika chaji bila mimi kujua, na huko nje nilikuwa nimeshakufa. Wenzangu walisikia mlango ukivunjwa, wakasikia "mikono juu", kisha kimya. Fundi akakimbilia bodaboda. Kapteni, kwa kuwa yuko mbali na hawezi kukimbilia chochote, akapiga simu. Alimpigia mjomba wangu, mjomba akampigia shangazi, na habari ikamfikia mama Tanga ikiwa imenona: nimevamiwa, nimepigwa risasi, nilikuwa Pochinki. Nilipochomeka chaji nikakuta yeye ndiye wa kwanza kunipata hewani.

"Mwanangu, uko hai?"

"Niko hai, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo Pochinki iko wilaya gani? Maana mjomba wako ameshatafuta mpaka Mkuranga."

Nikamweleza kwamba ni gemu, ni kama lile la banda la Tandika, ila siku hizi tunachezea kwenye simu. Akanyamaza. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Lile la kuingiza mikono ndani ya fulana?"

Nikasema mtandao unasumbua.

Mlango nililipia mimi, fundi seremala na kitasa kipya juu. Mama mwenye nyumba akaniwekea sharti moja: kuua mwisho saa tatu usiku, na kwa sauti ya chini. Sikuongezewa adhabu nyingine, na sababu yake naijua. Usiku uleule alilipwa sehemu kubwa ya kodi ambayo alishaikatia tamaa, na kwa hesabu zake mimi ndiye niliyemkamata mdaiwa.

Mdaiwa mwenyewe bado tunaye chumba cha mwisho. Hanyati tena, na mpaka leo hajanisamehe. Giza likishaingia, kila anapopita chini ya dirisha langu anasimama, anakohoa, na kutangaza uani kote wamsikie: "Ni mimi, wa chumba cha mwisho. Nakwenda chooni. Kodi nimelipa. Usinipige."