Starehe, Nshakula

Jina lake la kwao tuliliacha uwanja wa ndege. Pale chuoni tulimwita Bwana Samahani, kwa sababu hata ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayeomba radhi. Alitoka Sheffield, Uingereza, kuja Unguja kusoma Kiswahili, na maalim wetu, sijui nilimkosea nini, akanikabidhi mimi niwe mwenyeji wake.

Wiki ya kwanza ilikuwa mtihani. Alinunua paketi ya maziwa, akaibandika karatasi yenye jina lake, akaiweka kwenye friji ya dakhalia, bweni letu wanafunzi. Watu wakawa wanakuja kuisoma kama tangazo la msiba. Kumbe kwao wanafunzi ndivyo wanavyoishi, kila mtu na maziwa yake, na hata kwa bibi yake mtu haendi mpaka apige simu kwanza. Siku moja nikamkatia nusu ya chapati yangu. "Samahani, nina yangu." Nikamsogezea tena. "Samahani." Hapo nikamweka kitako. Nikamwambia, yakhe, huku kwetu mtu akikwambia karibu ukakataa, umemtukana yeye na aliyemzaa.

Nilisema kwa hasira ya chapati tu. Yeye akayaandika kwenye daftari.

Ijumaa mama akatuita Kikwajuni tukale pilau. Baada ya sala nikaona nimpitishe mgeni Mji Mkongwe kwanza, akaone milango ya nakshi. Akili yangu ilikuwa wapi sijui. Saa saba na nusu ya Ijumaa, vichochoro vyote vinanukia bizari, na kila barza ina mtu na sahani yake.

Soko Muhogo tukamkuta fundi cherehani kakaa na kijana wake, mbele yao muhogo wa nazi na changu wa kukaanga. Changu mmoja.

"Karibuni!" akasema fundi, kama anavyomwambia kila mpita njia.

"Starehe, fundi!" nikajibu, wala sikupunguza mwendo. Nikaendelea kumweleza mgeni habari za misumari ya shaba ya milangoni, kwamba asili yake ni Bara Hindi. Nikageuka nimwoneshe. Nazungumza na paka.

Mgeni alishavua viatu.

Nilirudi mbio, lakini alishanawa. Fundi naye ni Mzanzibari, atafanya nini? "Kula, kula, usione haya," anasema, huku macho yanamfuata samaki. Yule changu alikuwa wa watu wawili. Sasa fundi akamgawa mara nne, kwa kidole gumba, taratibu kama anayepima kitambaa cha mteja mkorofi. Mimi nikapewa mkia. Kijana wa fundi akapata kichwa, akakigeuza huku, akakigeuza huku, akanitazama mimi, si mgeni. Bwana Samahani alikula vizuri, kwa mkono wa kulia, kama nilivyomfundisha, na kila tonge anashukuru.

Hatukufika mbali. Kajificheni bi mkubwa mmoja alikuwa kibarazani na bakuli la ndizi za nazi. Akatamka "kari..." tu, mwenzangu keshakaa.

Tulipotoka pale nilimvuta pembeni, tumbo limenijaa na uso umenishuka. Nikamwambia, sikiliza, kuna karibu na karibu. Hizi za njiani ni za mdomo, ni salamu tu. Mtu akikwambia karibu nawe umemkuta na sahani yake, weka mkono kifuani, sema: "Starehe, nshakula." Akirudia, nawe rudia. Kisha pita.

"Hata kama sijala?"

"Hasa kama hujala."

Akaandika. Akaifanyia mazoezi njia nzima, Vuga mpaka tunavuka Mnazi Mmoja: starehe, nshakula, starehe, nshakula. Nikafurahi. Nikajiona na mimi maalim.

Mama alikuwa jikoni tangu alfajiri. Kuku wa kienyeji kachinjwa, kachumbari, achari ya embe, juisi ya ukwaju, hata sahani za maua zilizofungiwa kabatini tangu harusi ya dada zimeshushwa. Akatandika mkeka, akafunua kawa, mvuke ukapanda.

"Karibu mwanangu, karibu chakula."

Bwana Samahani akaweka mkono kifuani. Akainama kidogo.

"Starehe, mama. Nshakula."

Mama akacheka. "Ana adabu huyu! Haya, karibu baba, sogea."

"Starehe, mama. Nshakula."

Kicheko kikakatika. Mama akanigeukia mimi. "Keshakula? Kala wapi?"

Nikataka kujibu, lakini Waingereza ukiwauliza swali wanajibu kwa ukamilifu. "Kwa fundi cherehani," akasema. "Samaki, robo. Na kwa bibi, ndizi. Yeye pia."

Yeye pia! Sitaeleza nilichoambiwa. Nilikula sahani mbili juu ya ule mkia wa changu na zile ndizi, mama kasimama mlangoni na mwiko, na mgeni naye akaambiwa hii ni karibu ya kweli, akale. Akala. Akaomba samahani, akaongeza.

Halafu mama, aliposikia habari ya samaki mmoja kwa watu wanne, akasema aibu hii hailali ndani ya nyumba yake. Akapakua pilau na paja zima la kuku, akafunika kwa kawa, akampa mgeni aibebe mwenyewe. "Mpelekeeni fundi wa watu."

Tukarudi Soko Muhogo. Fundi alikuwa kwenye cherehani yake, na alipotuona tunakuja aliangalia kwanza kulia kwake, kama kuna chakula cha kuficha. Bwana Samahani akasimama mbele yake, akafunua kawa, akatamka vizuri kabisa:

"Karibu, fundi!"

Fundi akaliona paja. Akameza mate. Akaweka mkono kifuani, kama alivyolelewa.

"Aa, starehe, nshakula."

"Keshakula," mgeni akaniambia, akafunika sahani, akageuka nayo.